"Ni Uzee Tu": Kupima Mahitaji ya Mgonjwa Mzee katika Idara ya Dharura

Katika masomo ya huduma ya kichungaji wanachuo wetu hufundishwa namna ya kumtembelea mgonjwa aliyekwisha kulazwa. Hujifunza jinsi ya kukaribia kitanda, kusikiliza, kusoma neno fupi, kuomba, na kuondoka kabla mgonjwa hajachoka. Mafundisho hayo ni mema, nami nimeyatoa kwa miaka kadhaa. Lakini yana pengo moja. Yanadhani kwamba mgonjwa amekwisha kupokewa, kupimwa na kupewa kitanda. Hayasemi lolote juu ya zile saa za kwanza mlangoni pa idara ya dharura, wakati mzee analetwa na jamaa zake, nayo hospitali haijaamua bado kama hali yake ni ya hatari au la. Makala hii inakusudia kueleza yanayofanyika katika saa hizo: jinsi wauguzi na matabibu wanavyopima mahitaji ya mgonjwa mzee, kwa nini kipimo hicho chaweza kukosea pasipo uzembe wa mtu yeyote, na ni ujuzi gani alio nao mtumishi wa kanisa ambao hospitali haina.

Safari kutoka Ivuna

Nililazimika kulifikiri jambo hili kwa sababu ya safari moja. Ivuna ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Wataalamu wa ng'ambo wanaijua kwa jiwe lililoanguka huko kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938, lenye uzito usiofika hata kilo moja. Wanahistoria wanaijua kwa chumvi, maana chemchemi zake zimetumiwa na watu kwa karne nyingi. Wenyeji wenyewe wanaijua pia kwa joto lake na kwa umbali wake na hospitali kubwa. Mgonjwa anayetoka huko hana budi kupanda kutoka bondeni hadi uwanda wa juu, kwenda Tunduma, au Vwawa, au hata Mbeya.

Nilikuwa nimekwenda huko wakati wa likizo kusaidia ibada katika mtaa wetu mdogo. Jumatano moja niliitwa nyumbani kwa bibi mmoja mjane, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa amelala mkekani, macho nusu wazi, haongei. Mkwewe alinieleza kwamba tangu Jumatatu amekataa uji, naye amejikojolea mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuwa na homa, wala hakulalamika maumivu. Mjukuu wake wa kiume, aliyefika usiku uliopita kutoka Tunduma anakofanya biashara mpakani, ndiye aliyeamua apelekwe hospitali. Bodaboda ilimbeba Bibi katikati, dereva mbele na mjukuu nyuma akimshikilia, nami nikafuata kwa nyingine, hadi tulipopata gari la abiria. Mkwe akabaki na watoto. Wakati ule sikuona kwamba tumemwacha nyumbani mtu pekee aliyejua jinsi siku tatu zile zilivyokwenda.

Muuguzi kijana alitupokea kwa adabu. Alimwamkia, "Shikamoo Bibi," asijibiwe. Alipima joto la mwili, likawa la kawaida. Mapigo ya moyo hayakuzidi sana. Presha ya juu ilisoma 118, nayo ilionekana nzuri. Kisha akamwuliza mjukuu, "Kwa kawaida yuko hivi?" Mjukuu, ambaye hakuwa amemwona bibi yake kwa muda wa mwaka mzima, akajibu, "Ni uzee tu, Sista. Ana miaka themanini na kitu." Bibi akanena maneno mawili matatu kwa Kinyamwanga. Muuguzi, ambaye alitoka mkoa mwingine, hakuyaelewa. Akaandika kwamba mgonjwa hajibu maswali ipasavyo. Akawekwa miongoni mwa wale wanaoweza kusubiri.

Nami nilikuwapo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale, nimevaa kola, kitabu cha ibada mkononi, nikitafuta sala ya kumkabidhi Mungu mtu anayekufa. Nilijua kwamba Jumapili iliyopita bibi huyo alitembea kwa miguu yake hadi kanisani, akahesabu sadaka pamoja na mzee wa kanisa, akamsahihisha mzee huyo alipokosea shilingi mia tano. Nilijua kwamba maneno yale ya Kinyamwanga yalikuwa ya kumwita mumewe, aliyekufa zamani, amletee maji. Sikumwambia muuguzi lolote kati ya hayo. Nilidhani kazi yangu ni ile iliyomo kitabuni.

Usiku wa manane tabibu wa zamu alipomsikiliza kifua alikuta nimonia katika mapafu yote mawili. Bibi alifariki asubuhi ya siku ya tatu. Sisemi kwamba angepona kama ningefungua kinywa. Nasema kwamba alisubiri saa saba kwa sababu ya jibu la mtu asiyejua, na aliyejua alikuwa amesimama karibu.

Jinsi kipimo kinavyofanya kazi

Desturi ya kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao ilitoka jeshini. Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, aliagiza majeruhi watibiwe kwa kadiri ya uzito wa majeraha yao, pasipo kutazama cheo. Katika hospitali zetu jambo hili si la zamani sana. Idara ya kwanza ya magonjwa ya dharura iliyokamilika nchini Tanzania ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo madaktari wakaanza kusomea ubingwa wa fani hiyo Dar es Salaam. Baada ya janga la UVIKO-19, fedha za mpango wa serikali wa mwaka 2021 zilitumika pia kujenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Kwa hiyo mchungaji wa leo anayempeleka muumini hospitali atakutana na mlango ambao mwalimu wake hakuujua.

Hapo mlangoni muuguzi hutazama mambo machache kwa haraka: pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu, kama mgonjwa anatembea, na kama ameumia. Katika utaratibu uliotungwa Afrika Kusini kuanzia mwaka 2004, ambao umeenea katika nchi nyingi za Afrika, kila jambo hupewa alama; alama hujumlishwa, na jumla yake huonyesha rangi. Mwenye rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo. Mwenye kijani husubiri. Ni utaratibu wa haki, nao umeokoa wengi. Bila huo angetangulia mwenye sauti kubwa au mwenye ndugu hospitalini.

Taabu yake ni kwamba mwili wa mzee hauitikii ugonjwa kama mwili wa kijana. Kijana mwenye nimonia huwaka homa na kutetemeka. Mzee aweza kuwa na nimonia ile ile na joto lake lisipande hata kidogo. Moyo wa kijana hukimbia anapopoteza damu. Wa mzee hauna nguvu za kukimbia hivyo, na ikiwa anameza baadhi ya dawa za presha, dawa zenyewe huuzuia usikimbie. Mshtuko wa moyo, ambao kwa wengine huja na maumivu makali ya kifua, kwake huja kama uchovu, kukosa pumzi au kuchanganyikiwa. Utumbo waweza kutoboka na tumbo lisikakamae. Akianguka na kujigonga kidogo tu, damu yaweza kujikusanya polepole kichwani kwa siku au majuma, hata watu wakasahau kwamba alianguka.

Tuitazame tena ile presha ya 118. Kwa kijana ni njema. Lakini katika kadi ya kliniki ya bibi yule, iliyokuwa sandukuni Ivuna, presha yake ya siku zote iliandikwa 170 na zaidi. Kwa mwili uliozoea 170, kushuka hadi 118 kulikuwa ni kuanguka. Muuguzi alisoma namba sahihi, na namba ile haikuwa na maana bila namba ya jana. Ndiyo sababu nasema kwamba kipimo cha mzee hakianzi na chombo, bali kinaanza na swali: alikuwaje kabla ya hapo?

Jambo hili lilitambuliwa Uingereza miaka mingi iliyopita. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren wa Hospitali ya West Middlesex, karibu na London, alikabidhiwa wodi za iliyokuwa nyumba ya maskini, zenye mamia ya wagonjwa, wengi wao wazee waliokuwa wamelazwa kwa miaka na kuhesabiwa kuwa hawaponi. Hakuna aliyewapima, maana kila mmoja alikwisha kupewa jina la ugonjwa wake: uzee. Daktari Warren aliwapima mmoja mmoja, akawapanga upya, akawafundisha kusimama na kutembea. Wengi wakaondoka vitandani na wengine wakarudi nyumbani. Utabibu wa wazee kama fani huhesabu mwanzo wake katika kazi hiyo. Nashauri kila mwanachuo aikumbuke habari hii kila asikiapo maneno "ni uzee tu". Uzee hauji kwa siku tatu. Mtu aliyehesabu sadaka Jumapili na hawezi kusema Jumatano amepatwa na kitu, na kitu hicho kina jina.

Maswali sita

Watafiti wa Montreal, nchini Kanada, walitunga katika miaka ya 1990 orodha fupi ya maswali sita ya kuulizwa mzee, au anayemtunza, afikapo idara ya dharura. Je, kabla ya ugonjwa huu alihitaji mtu wa kumsaidia mara kwa mara? Tangu augue, amehitaji msaada zaidi kuliko kawaida? Amelazwa hospitali katika miezi sita iliyopita? Anaona vizuri? Ana shida kubwa ya kumbukumbu? Anatumia dawa zaidi ya tatu kila siku? Mzee mwenye majibu mawili au zaidi ya kutia mashaka huhesabiwa kuwa katika hatari ya kudhoofika baada ya kurudi nyumbani, na hufanyiwa uchunguzi mrefu zaidi.

Msomaji aone kwamba maswali haya hayahitaji kifaa chochote. Aone pia kwamba yote yahitaji mtu anayemfahamu mgonjwa. Mjukuu wetu asingeweza kuyajibu kwa hakika. Mkwe angeyajibu yote. Mwinjilisti wa mtaa angejibu manne au matano.

Habari ya dawa yataka uangalifu wa pekee. Mzee wa kijijini mara nyingi hana orodha ya dawa zake. Ana vidonge vya presha alivyoanza kuvigawa nusu nusu ili visiishe, ana vidonge vya maumivu vya dukani anavyomeza kila siku kwa ajili ya magoti, na ana dawa za mitishamba ambazo hatazitaja mbele ya mtu wa hospitali, wala pengine mbele ya mchungaji. Vile vya maumivu, kama diklofenaki, vyaweza kuchubua tumbo hadi kutoa damu na kuharibu figo, hasa vikitumiwa pamoja na baadhi ya dawa za presha. Njia nyepesi ni kukusanya kila kitu kilicho juu ya dari, chini ya mto na ndani ya sanduku, kukitia katika mfuko mmoja na kwenda nacho. Mchungaji asihukumu kilichomo. Siku ile si siku ya mahubiri juu ya waganga.

Kuweweseka na kusahau

Hapa ndipo sisi wachungaji tunapopotoka zaidi, nami nitakaa kidogo. Kuna hali mbili zinazofanana kwa mtazamaji. Ya kwanza ni ugonjwa wa kusahau, ambao huja taratibu kwa miezi na miaka. Ya pili ni kuweweseka: akili huvurugika kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, mchana aweza kuwa na nafuu na usiku akazungumza na waliokufa. Kuweweseka ni dalili ya dharura. Maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, dawa, mkojo uliozuiliwa, kila kimoja chaweza kukuleta. Na kuna kuweweseka kwa kimya, ambako mzee hapigi kelele wala havui nguo, bali hulala tu, hatazami watu, hataki chakula. Huyo hamsumbui mtu, kwa hiyo husahauliwa. Bibi wa Ivuna alikuwa wa aina hiyo.

Vipimo vingi vya kuweweseka vilivyotungwa Ulaya humwomba mgonjwa ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma, kuanzia Desemba. Kwa mtu aliyesoma ni kipimo kizuri. Kwa bibi asiyewahi kuingia darasani, anayehesabu mwaka kwa masika na kiangazi, ni kipimo cha shule badala ya akili. Nchini mwetu kazi nzuri imefanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Watafiti hao hao walitengeneza kipimo kifupi kisichotegemea kusoma wala kuandika. Mzee huombwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kueleza daraja ni kitu gani, kutaja jina la kiongozi wa mahali pake, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Sisi si matabibu, na haitupasi kujifanya tunapima ugonjwa. Lakini twaweza kukwepa kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya zaidi ya mara moja. Mchungaji hufika, huanza Sala ya Bwana, mgonjwa huifuata mpaka mwisho pasipo kukosea, naye mchungaji hutoka akiwaambia jamaa kwamba akili yake ni timamu. Sivyo. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni hukaa mahali pa ndani sana, na mtu aliyevurugika kabisa aweza kuyasema yote. Hilo lina faraja yake kubwa, wala simwambii mtu aache kuomba sala hiyo na mgonjwa. Namwambia asiihesabu kuwa kipimo. Afadhali amwombe ataje siku za juma kurudi nyuma, au amwulize aliamkia wapi leo. Na ikiwa mgonjwa ni Mnyamwanga au Mwanda, amwulize kwa lugha yake, ndipo amweleze muuguzi alichojibu. Kufasiri maneno ya mgonjwa, hata yasiyo na maana, ni sehemu ya kumpima.

Anayesema kwa niaba ya mzee

Katika Mwa. 27 twasoma habari za mzee aliyefifia macho, akijaribu kupambanua ni nani aliye mbele yake. Isaka alipima kwa bidii: aliuliza jina, akapapasa mikono, akanusa nguo, akaishuku sauti. Akapotoshwa na watu wa nyumbani mwake, waliokuwa na haja zao. Twaifundisha sura hiyo kwa habari ya uteule na baraka. Mara chache twaitazama kama habari ya mzee aliyezungukwa na watu wanaosema kwa niaba yao wenyewe.

Jamaa wengi wanawapenda wazee wao na kuwauzia hata ng'ombe ili watibiwe. Hata hivyo si kila anayemsindikiza mzee anataka apone, na si kila jeraha ni la kuanguka. Nchini mwetu wako wanawake wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, baadhi kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Kwa sababu hiyo kipimo kilicho kamili chataka mzee azungumziwe peke yake, hata kwa dakika tano, aulizwe kama nyumbani ana amani, kama anakula, na nani anashika fedha zake. Jamaa hawatakubali kirahisi kumpisha muuguzi asiyemfahamu mtu. Mara nyingi humpisha mchungaji.

Hapo hapo ipo mipaka yetu. Tuliyoyasikia katika maungamo hayatoki, hata mlangoni pa hospitali. Kuhesabu sadaka si ungamo. Kila aliyekuwapo ibadani aliona. Lakini mzee akiwa amenieleza kwa siri kwamba anakunywa gongo kila jioni, jambo ambalo daktari anahitaji sana kulijua, sina ruhusa ya kulisema. Nina ruhusa ya kumwinamia sikioni na kumwambia alitaje mwenyewe, nami nitakuwa kando yake.

Barzilai

Maandiko yanayonisaidia zaidi katika jambo hili ni 2 Sam. 19:31-39. Barzilai Mgileadi, mtu tajiri aliyemlisha Daudi na watu wake walipokuwa wakimkimbia Absalomu, anamsindikiza mfalme hadi Yordani. Mfalme anataka kumlipa: avuke pamoja naye, atunzwe Yerusalemu. Ni ukarimu wa kweli. Barzilai anajibu kwa kujipima mwenyewe. Anataja umri wake, miaka themanini. Anasema juu ya uwezo wake wa kupambanua, juu ya ulimi usioonja tena chakula na kinywaji, juu ya masikio yasiyosikia tena waimbaji. Anakiri kwamba atakuwa mzigo kwa mfalme. Kisha anasema anachotaka: kurudi afe mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Na anamtoa Kimhamu aende badala yake.

Mpango wa hospitali rafiki kwa wazee, ulioanzishwa Marekani mwaka 2017, wataka kila mzee aulizwe mambo manne: dawa zake, akili yake, mwendo wake, na lililo la maana kwake. Hilo la mwisho huwekwa kwanza. Barzilai amelijibu pasipo kuulizwa, naye mfalme, na hili ndilo linalonigusa, hakubishana naye. Alimbusu, akambariki, akamwacha aende kwao. Daudi alikuwa na uwezo wa kumwamuru.

Siku hizi mfalme ni gari la wagonjwa linalosubiri kumpeleka mzee Mbeya, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Mara nyingi ni vema apelekwe, na mzee anayekataa kwa sababu anaweweseka hajakataa bado; kwanza atibiwe kinachomweweseza. Lakini yuko pia mzee mwenye akili safi, mwenye ugonjwa usio na tiba, anayejua kwamba akivuka Yordani hatarudi. Bwana wetu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini (Mk. 10:51), ingawa upofu wake ulionekana na wote. Nani amemwuliza mzee huyu? Nimehudhuria vikao vya ukoo nje ya wodi ambamo kila mtu alitoa neno isipokuwa mwenye ugonjwa, naye alikuwa macho, mlango ukiwa wazi.

Juu ya gharama nitasema kwa ufupi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kuweka lengo la matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Lakini dirishani mzee huombwa kitambulisho au barua, na wengi wa wazee wetu walizaliwa pasipo cheti. Umri wao hukisiwa kwa matukio, kama vile Uhuru wa mwaka 1961 au ujenzi wa reli ya TAZARA miaka ya 1970 kupita Tunduma. Barua ya serikali ya kijiji isitafutwe usiku wa dharura. Itafutwe kiangazi, wakati mtendaji yupo ofisini na mzee yu mzima.

Daftari la mtaa

Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliandika waraka kwa Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Sehemu kubwa yake twaijua. Mwishoni ana shauri ambalo hunukuliwa mara chache: kwamba watu wasingoje hadi mgonjwa ameishiwa na ufahamu ndipo wamwite mchungaji, bali wamwite mapema, angali anaweza kusema na kusikia. Luther alikuwa akifikiri juu ya ungamo na Sakramenti. Mimi nalisoma pia kwa habari ya kipimo. Anayetaka kujua mzee alikuwaje kabla ya ugonjwa hana budi kuwa amemtazama kabla ya ugonjwa.

Tulipokutana tena Ivuna, mwinjilisti na wazee wa kanisa walikubali kuwa na daftari moja la wazee wa mtaa, linalokaa katika sanduku la vyombo vya Meza ya Bwana. Kila mzee aliyeridhia ana ukurasa wake: anatembea hadi wapi, anasikia sikio lipi, anakula nini, anajua hesabu ya fedha au la, kadi ya kliniki iko wapi, dawa gani, nani analala naye nyumba moja, na anasema nini juu ya kupelekwa mbali. Mwinjilisti hulipitia kila anapowapelekea Chakula cha Bwana nyumbani, na kubadili yaliyobadilika. Mzee akizidiwa, ukurasa hunakiliwa na kwenda naye pamoja na ule mfuko wa dawa, na anayelala naye nyumba moja ndiye anayepanda bodaboda, hata kama mjukuu wa mjini ndiye mwenye fedha. Watoto hubaki kwa jirani.

Ukurasa wa mzee mmoja unasomeka hivi: anasikia kulia, kadi ya presha iko kwa binti yake, hulima mwenyewe hadi saa nne, Mbeya aulizwe kwanza. Aliposomewa alisema ni kweli yote, ila kuna jambo limesahauliwa, akaomba liongezwe chini kabisa. Mwinjilisti ameliandika: akiwa hospitali, jembe lake lisiazimwe.